Nani Bawabu wa Filamu Zetu?

SHERIA ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, ilitungwa katika zama ambazo filamu ilikuwa kitu cha kuendewa. Mtu alivaa, akatoka nyumbani, akalipa, akapita mlangoni mbele ya mkata tiketi, kisha akakaa gizani pamoja na watu waliomjua yeye na waliowajua wazazi wake. Mkaguzi wa Serikali alikwisha kuitazama picha kabla. Aliweza kuiruhusu, kuikata au kuikataa. Mwenye jumba naye alijua kwamba leseni yake imo mashakani. Kwa hiyo, kabla utupu wa kwenye filamu haujamfikia mtoto, ulikutana na walinzi watatu: mkaguzi, mwenye jumba na jirani wa kiti cha pili.

Leo mtoto wa kata ya Ibighi, penye mji wa Tukuyu wilayani Rungwe, hana haja ya jumba la sinema ili aone filamu. Simu ya mkononi ya kaka yake yatosha. Mwenzake wa Micheweni au wa Makunduchi yumo katika hali hiyo hiyo. Sheria ingali ipo, ofisi zipo, mihuri ipo; lakini walinzi wale watatu wamebaki wakilinda mlango ambao watu wachache tu huupita. Hili ndilo jambo ambalo wenye madaraka, Bara na Visiwani, hawana budi kulikabili, badala ya kuendelea kubishana juu ya kipande gani cha mwili kionekane na kipi kisionekane.

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba aweza kuuliza Rungwe imeingiaje katika shauri hili. Imeingia kwa sababu huko ndiko tunakopata mfano ulio wazi kabisa wa jamii yetu wenyewe iliyopanga mambo ya kuonwa na kusikiwa kwa kufuata umri, miaka mingi kabla mtu yeyote hajaandika tarakimu 18 katika tangazo la filamu. Godfrey Wilson na mkewe Monica, wataalamu wa elimu ya jamii, walifanya uchunguzi miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Katika kitabu chake Good Company, kilichotoka mwaka 1951, Monica Wilson alieleza habari za vijiji vya rika. Mvulana alipotimiza miaka kumi hivi, alihama nyumba ya wazazi. Yeye na wenzake wa rika moja walijenga vibanda vyao mahali pao. Mchana walikwenda kula kwa mama zao na kufanya kazi za baba zao, lakini usiku walilala kwao. Sababu waliyoitoa wenyeji ilikuwa ni heshima: haifai mwana anayekua alale mahali atakaposikia mambo ya faragha ya wazazi wake. Kadhalika mke wa mwana alipaswa kumwepuka baba mkwe, asimtazame wala asikutane naye njiani.

Na watu hao hao, waliokuwa wakali kiasi hicho, hawakuona aibu ya kifua wazi. Mavazi ya zamani ya Unyakyusa yalikuwa machache, na mtu mzima aliyeheshimika aliweza kuwa na nguo ndogo tu mwilini asipungukiwe na chochote. Wamisionari wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891, na wenzao wa Misheni ya Berlin karibu na wakati huo huo, walileta shule, walileta Injili, na walileta kitambaa. Katika muda wa vizazi viwili au vitatu, kitambaa kikawa ndicho kipimo cha haya. Hatusemi kwamba jambo hilo lilikuwa baya. Twasema tu kwamba wazee wa Rungwe walikuwa na kipimo kingine, ambacho hakikuuliza ngozi ni kiasi gani bali kiliuliza nani anaona, yu na nani, na ana umri gani.

Visiwani kipimo hicho nacho hakikuwa kigeni. Jumba la Royal, ambalo baadaye lilikuja kuitwa Majestic, lilijengwa Unguja mwaka 1921, na kwa miongo mingi kwenda sinema ilikuwa ni shughuli ya familia nzima. Mtaalamu wa historia Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameonyesha jinsi picha za Kihindi zilivyopendwa na Waswahili wa pwani, na jinsi kulivyokuwa na maonyesho ya wanawake peke yao ili stara isivunjike na starehe isipotee. Yafaa tuliangalie jambo hilo kwa makini. Watu wa Visiwani hawakukataa sinema kwa sababu ya dini yao, wala hawakuiacha dini yao kwa sababu ya sinema. Walipanga viti. Walipanga saa. Picha ile ile iliyoonekana Jumapili na mume, watoto na mashemeji, iliweza kuonekana siku nyingine na wanawake watupu, yaani wanawake peke yao, wakicheka wapendavyo.

Mkoloni ndiye aliyeharibu mizani. Wakaguzi wa filamu wa Kiingereza katika makoloni ya Afrika waliogopa sana Mwafrika asije akamwona mwanamke wa Kizungu akiwa hana nguo za kutosha, maana walidhani hadhi ya utawala itashuka. Lakini mwili wa Mwafrika, au wa mtu wa visiwa vya Pasifiki, ulionyeshwa bila ya wasiwasi na ukaitwa elimu. Ushahidi upo katika maandishi. Kanuni za maadili za wenye viwanda vya filamu vya Marekani, zilizosimamiwa kwa ukali tangu mwaka 1934, zilikataza utupu kabisa. Na mwaka 1939 zikaongezewa kifungu cha kuruhusu picha halisi za wenyeji wa nchi za kigeni katika maisha yao ya kawaida. Kabla ya hapo, mwaka 1931, filamu ya Tabu ya F. W. Murnau, iliyopigwa Bora Bora, ilikwisha kuonyesha mabinti wa kisiwa vifua wazi. Msomaji wa kisiwani hahitaji kuelezwa zaidi maana ya ubaguzi huo.

Uhuru ulipokuja tulijaribu kuisahihisha mizani hiyo, nasi tukapotoka kwa njia yetu. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana na mawigi, kwa hoja kwamba hayo ni mambo ya kigeni yasiyo na heshima. Muda si mrefu kabla ya hapo, Serikali ilikuwa ikiwahimiza Wamasai waache lubega na wavae suruali. Waliokuwapo watakumbuka barua zilizoandikwa magazetini: ikiwa kuonyesha paja ni ugeni, Mmasai kakosa nini? Na ikiwa lubega ni ushamba, sketi fupi ina kosa gani? Maswali hayo hayakujibiwa vizuri wakati ule. Sheria ya mwaka 1976 ilizaliwa katika hali hiyo, na mpaka leo ukaguzi wetu bado una harufu yake: wajua sana kuchukia, haujui sana kupanga.

Sasa tutazame nje kidogo, maana filamu nyingi zinazoonwa na vijana wetu zatoka nje. Marekani iliacha kanuni zile za kukataza mwaka 1968, na kuanzia Novemba 1 ya mwaka huo ikaanza kupanga filamu kwa madaraja ya umri. Uingereza, ambayo bodi yake ilikuwa ikiitwa ya ukaguzi tangu mwaka 1912, ilianzisha madaraja mapya mwaka 1982, na mwaka 1984 bodi hiyo ikabadili jina lake: neno la ukaguzi likatoka, neno la uainishaji likaingia. Mabadiliko ya neno moja tu, lakini kazi ilikuwa nyingine. Mkaguzi humwambia mtu mzima asione. Mwainishaji humwambia mzazi kilichomo ndani.

Hata hivyo wenzetu hao nao wana upofu wao. Daraja la PG-13 la Marekani lilianzishwa mwaka 1984, na sababu haikuwa utupu. Ilikuwa ni filamu za kutisha na za damu, kama ile ya pili ya Indiana Jones, ambazo watoto waliruhusiwa kuziona. Na mpaka leo walalamikaji wa huko husema kwamba titi moja likionekana lazusha kelele kuliko maiti ishirini. Tusicheke. Katika vibanda vyetu vya video, ambavyo vijana huviita vibanda umiza, mtoto wa darasa la tatu aweza kukaa kwenye benchi akatazama watu wakikatwa shingo, na hakuna mtu mzima atakayegeuza kichwa. Ikitokea busu, hapo ndipo atafukuzwa nje.

Kuna jambo jingine geni, nalo ni kwamba upepo wenyewe umegeuka. Wengi wetu tulizoea kuamini kwamba kila kizazi kitataka utupu mwingi zaidi ya kile kilichotangulia, na kwamba kazi ya Serikali ni kuweka boma. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha UCLA, California, waliwauliza vijana wa Marekani wenye umri wa kati ya miaka 13 na 24. Karibu nusu, asilimia 47.5, walisema kwamba mambo ya mapenzi ya mwilini hayahitajiki katika hadithi za filamu na vipindi vingi, na zaidi ya nusu walitaka kuona zaidi habari za urafiki. Tangu mwaka 2018 makampuni ya huko yameanza kuajiri wasimamizi maalum wa maonyesho ya faragha, ili mwigizaji asilazimishwe kuvua nguo asizokubali kuvua. Maana yake ni kwamba swali la heshima limehama: zamani aliulizwa mtazamaji tu kama ameudhika, sasa huulizwa pia yule aliyevuliwa. Swali hilo la pili twapaswa kuliuliza hapa nyumbani pia, ambapo msichana anayetafuta nafasi katika filamu hana chama chenye nguvu cha kumtetea wala mkataba anaoweza kuusoma kwa utulivu.

Filamu moja yatosha kuonyesha jinsi umri unavyobadilika kwa kuvuka mpaka. Oppenheimer, ya mwaka 2023, ilipewa daraja la R huko Marekani na la 15 huko Uingereza. Kule India mwigizaji wa kike aliyekuwa uchi alivalishwa gauni jeusi kwa ufundi wa kompyuta, na filamu ikaruhusiwa hata kwa watoto walio chini ya uangalizi wa wazazi. Gauni lile lilionekana pia katika baadhi ya nchi za Mashariki ya Kati. Kwa hiyo ndugu zetu walioko Ghuba waliiona filamu moja, na jamaa zao walioko London wakaona nyingine, nao wakipigiana simu wadhani wamezungumzia kitu kimoja.

Nchi za Kiarabu zenyewe hazina msimamo mmoja, kinyume cha dhana ya wengi wetu. Saudi Arabia ilifungua majumba ya sinema mwaka 2018 baada ya miaka zaidi ya thelathini ya kuyafunga. Umoja wa Falme za Kiarabu ulitangaza Desemba 2021 daraja jipya la miaka 21, kwa nia ya kuonyesha filamu bila ya kuzikata. Lakini mwaka uliofuata ukaizuia filamu ya katuni, Lightyear. India, kwa upande wake, ilirekebisha sheria yake mwaka 2023 na kuligawa daraja lake la kati katika mafungu ya miaka 7, 13 na 16, ili mzazi ajue mtoto yupi anahusika. Kwa maoni yetu hatua hiyo ya India ndiyo yenye manufaa zaidi kwetu, kwa kuwa haimnyang'anyi mzazi kazi yake. Yampa kipimo cha kuifanyia.

Jirani zetu wa Kenya wametupatia funzo la upande mwingine. Bodi yao ya uainishaji ina madaraja yaliyo wazi, kutoka filamu za watu wote mpaka zile za miaka 18. Lakini Januari 2014 iliizuia kabisa filamu ya The Wolf of Wall Street kwa sababu ya utupu, ulevi na matusi yaliyomo. Yaani daraja la watu wazima lilikuwapo, na watu wazima walikuwapo, lakini ikaonekana hawaaminiki. Matokeo yake yalikuwa kuitangaza filamu hiyo kwa watu ambao wasingeisikia kamwe. Katazo lilishika majumba ya sinema na maduka, mtandao haukushikika. Na kijana wa miaka 14 aliyeipata filamu hiyo kwa njia ya pembeni aliipata bila ya alama yoyote juu yake ya kumwambia yeye au mama yake kwamba haikukusudiwa kwa umri wake.

Turudi kwetu. Hapa ndipo tungependa waheshimiwa wa Serikali zote mbili watusikilize kwa subira, kwa sababu jambo lenyewe ni la kisheria na huwa halisemwi hadharani. Filamu si jambo la Muungano. Bara kuna Bodi ya Filamu. Zanzibar kuna Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Filamu iliyopewa daraja Dar es Salaam haina daraja hilo Unguja mpaka ikaguliwe tena. Mpango huo ulikuwa na maana wakati filamu ilipokuwa mkebe wa chuma uliovuka bahari kwa meli. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na Bara ikakaa bila televisheni mpaka mwaka 1994, wala hakuna aliyepata taabu kwa tofauti hiyo. Lakini posta na simu ni mambo ya Muungano, yameandikwa hivyo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba. Na sasa filamu inapita katika simu. Hivyo kitu kisicho cha Muungano kinasafiri ndani ya chombo kilicho cha Muungano, na kila ofisi inapoulizwa inao uhalali wa kuelekeza kidole kwa nyingine.

Pengo hilo limejazwa kwa vitisho. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizotoka mwaka 2018 na kuandikwa upya mwaka 2020, zimekataza picha za utupu na kuwataka watoa huduma wawalinde watoto. Oktoba 2018 Bodi ya Filamu ilimfungia mwigizaji mmoja mashuhuri kwa ajili ya picha zake zilizosambaa mtandaoni, ambazo hazikuwa filamu. Hatumtetei. Lakini twauliza: kwa adhabu ile, mtoto gani wa Ibighi au wa Wete alizuiwa kuona kitu gani? Picha zilikuwa zimekwisha kufika. Adhabu ilimfikia aliyeonekana. Hakuna alama, onyo wala daraja lililomfikia anayetazama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kwa Bara, na ile ya Zanzibar ya mwaka 2011, zote zamtambua mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18. Hapo angalau pande mbili zimekubaliana, na hapo ndipo pa kuanzia.

Bodi ya Filamu na Baraza la Zanzibar zaweza kukubaliana, bila ya kugusa Katiba, juu ya alama za aina moja za umri, zilizoandikwa kwa Kiswahili, pamoja na maneno machache ya sababu: kuna utupu, kuna damu, kuna matusi. Sababu ni muhimu kuliko tarakimu. Mzazi mmoja wa Mkoani ataona utupu ni jambo lisilosameheka na mapigano ni mchezo. Mwingine wa Tukuyu ataona kinyume chake. Wote wawili wana haki ya kujua. Filamu za kigeni zinazotafsiriwa kwa sauti ya Kiswahili, kazi iliyompatia sifa mtu kama Lufufu na wenzake, nazo zingepaswa kubeba alama hizo, maana mtafsiri ndiye ambaye watazamaji wengi wa vibandani humwamini, na neno lake moja mwanzoni mwa filamu lina uzito kuliko muhuri wa ofisi asiyoijua mtu. Mamlaka ya Mawasiliano, kwa kuwa ni ya Muungano, yaweza kuyataka makampuni ya simu yawape wateja njia rahisi ya kuiweka simu ya mtoto katika umri wake. Makampuni makubwa ya filamu za mtandaoni tayari yana madaraja ya 7, 13, 16 na 18 pamoja na namba ya siri ya mzazi, lakini maelezo yake hayamfikii mama anayeuza ndizi sokoni Tukuyu.

Kuna watakaosema kwamba kuweka daraja ni kuuhalalisha utupu. Hoja hiyo tumeisikia kutoka kwa watu tunaowaheshimu, wakiwamo mashehe na wachungaji. Jibu letu ni kwamba daraja la 18 si ruhusa kwa kijana. Ni taarifa kwa mlezi. Shehe anayewaambia waumini wake wasitazame filamu za namna fulani atasaidiwa na alama inayomwambia kila mtu filamu hizo ni zipi, na wala hatazuiliwa na alama hiyo kuwaambia wasizitazame hata wakiwa na miaka hamsini.

Kuhusu vibanda vya video, hapo hapahitajiki sheria mpya. Halmashauri ya Rungwe, sawa na halmashauri nyingine za Bara na mabaraza ya miji ya Visiwani, ina mamlaka juu ya leseni za biashara zilizo katika eneo lake, na watendaji wa kata na masheha wanavijua vibanda vyote kwa majina ya wenyewe. Swali la kwanza analopaswa kuulizwa mwenye kibanda anapokuja kulipia leseni ni kwamba saa tisa alasiri, watoto wanapotoka shuleni na sare zao, yeye huonyesha filamu gani, na nani amesimama mlangoni.